Mama Funguo na Swali la Wazee wa Kanisa

Jina lake lote, likitajwa kama linavyostahili, ni Mama Funguo, binti wa Mchoma Matofali, mke wa marehemu Fundi Saa, mkwe wa Bibi Kengele. Baba yake ndiye aliyechoma matofali ya kanisa lile, elfu kumi na mbili, na yale yaliyotoka mabichi aliyabeba mwenyewe kuyarudisha tanuruni. Mumewe aliifufua saa ya ukutani iliyokuwa imekufa tangu enzi za mchungaji wa kwanza, ikatembea miaka tisa. Bibi Kengele, mama mkwe wake, ndiye aliyeshika funguo kabla yake. Alipozidiwa alimwita mkwewe kitandani akamwekea lile rundo mkononi, kiganja kwa kiganja, kwa maana funguo za nyumba ile haziwekwi mezani wala hazitundikwi msumarini. Hupokewa mkono kwa mkono. Hakuna aliyeyaandika hayo popote, na hakuna aliyewahi kuyavunja.

Miaka thelathini na mmoja Mama Funguo alishika rundo lile: funguo kumi na moja zilizofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Siku aliyofiwa na mume aliamka kwanza akafungua kanisa, akafagia, akajaza ndoo, ndipo akarudi nyumbani kulia. Malipo yake yalikuwa ahsante, na si kila mwaka. Lakini mtu akipita njiani akamwona na rundo lile kiunoni, alimwamkia kwa heshima. Hilo lilimtosha.

Sasa miguu ilikuwa imemchoka. Asubuhi viatu vilikubali, mchana vilikataa. Alikuwa akizifagia zile safu ishirini na mbili za mabenchi kwa vituo, kama gari bovu: safu tatu, anakaa, safu mbili, anakaa.

Ndipo kitinda mimba wake aliporudi nyumbani. Alikuwa na kazi nzuri mji mwingine, akipiga pasi mashuka ya hospitali. Aliposikia miguu ya mama inavimba, aliacha kazi akaja na begi moja na cherehani. Miaka miwili sasa alikuwa akimkanda mama yake miguu kwa maji ya chumvi kila jioni, na kumpikia, na kumkaripia akila chumvi ya mezani. Ila alirudi na kitu kingine ambacho mama hakukitarajia. Alikuwa amehama dhehebu. Amekuwa Mmormoni.

Mama Funguo alinuna wiki tatu. Halafu akachoka kununa, maana kununa nako kunataka nguvu.

Kisha ukaja ule waraka. Ulitoka juu, kwa wakubwa wa kanisa, ukasomwa na mchungaji, kijana aliyehamishiwa kwao mwaka ule na ambaye tayari alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Waraka ulisema waumini wajihadhari na makundi ya kidini yenye msimamo mkali, na kwamba mtumishi yeyote wa kanisa asiwape watu hao makao. Haukutaja kundi hata moja.

Lakini Mzee Kifungu alikuwepo. Huyu ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwalimu mstaafu. Jina hilo alipewa kwa sababu hata akiomba kupitishiwa maji alitaja kifungu cha Maandiko. Alisimama siku ileile.

"Waraka haukutaja jina kwa sababu mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Kuna nyumba ya mtumishi wetu ina Mmormoni ndani. Na mtumishi huyo ndiye mwenye funguo za madhabahu."

Kanisa zima likageuza shingo.

Wazee wakamwita Mama Funguo. Hawakumtukana, tusiwasingizie. Walimpa kiti. Wakamwambia: achunguze, Jumapili ya kwanza ya mwezi awaletee jibu. Je, hao Wamormoni ni Wakristo wa msimamo mkali au si wa msimamo mkali? Ikiwa ndio, basi ama binti ahame nyumba, ama funguo zirudi.

"Nami niliyeishia darasa la saba ndiye wa kuchunguza?" aliuliza.

"Wewe ndiye unayekaa naye," Mzee Kifungu alijibu.

Jioni ile, miguu ikiwa ndani ya karai, Mama Funguo alimuuliza binti bila kuzunguka.

"Kitinda, ninyi ni watu wa msimamo mkali?"

Binti alicheka mpaka maji yakamwagika. "Mimi? Mama, mimi ninayemwogopa kuku wa jirani?"

"Usinichekee. Nimeulizwa na wazee."

Kicheko kikaisha. Binti aliendelea kukanda kisigino. "Kwanza siku hizi hatupendi kujiita Wamormoni. Kanisa linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho."

"Jina refu hivyo litakwisha lini? Jibu swali. Mnaoa wake wengi?"

"Zamani walioa. Jambo hilo likapigwa marufuku zaidi ya miaka mia iliyopita. Wapo waliokataa wakajitenga, na baadhi yao hujiita Wamormoni wa msimamo wa asili. Lakini kwetu mtu akioa wa pili, anatolewa."

"Na chai?"

"Chai hatunywi. Wala kahawa, wala pombe, wala sigara."

"Lakini mchaichai unakunywa. Nimekuona kwa macho yangu."

"Mchaichai ruksa."

"Kwa hiyo dhambi iko kwenye jani lipi, mwanangu? Nifahamishe, maana yote nayachemsha kwenye sufuria moja."

Binti akacheka tena, kidogo. "Chai haina kosa, Mama. Ni ahadi tu. Niliahidi, basi natimiza."

"Na hicho kitabu kingine?"

"Kitabu cha Mormoni. Tunasoma pamoja na Biblia."

Hapo Mama Funguo alitoa mguu karaini. Hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Baba yake Mchoma Matofali alikuwa na kitabu kimoja tu, kimefungwa kwa kitambaa, na alisema hakiongezwi wala hakipunguzwi. Na huyu wake ameongeza.

"Mama," binti alisema, akimfuta miguu, "nikikuponza kwa funguo zako, nitahama. Nitapata chumba."

"Chumba chako kiko hapa. Nyamaza nikaushwe miguu."

Lakini usiku ule na uliofuata hakupata usingizi. Miguu ilimwaka na kichwa kilizunguka palepale. Aliwaza: habari ya kusimuliwa si kama ya kuona. Jumapili atakwenda mwenyewe awaone. Ibada yao ilikuwa saa tatu asubuhi, ya kwake saa nne na nusu. Saa moja ya kukaa, dakika ishirini za kutembea. Angewahi.

Jumapili ile ya kwanza ya mwezi aliamka kama kawaida, akafungua kanisa, akafagia kwa vituo vyake, akajaza ndoo, akapanga vitabu vya nyimbo. Kisha akafanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umefanya kwa miaka thelathini na mmoja kila alipotoka nje ya mlango ule: akafunga. Mbuzi wa jirani walikuwa wamewahi kuingia wakatafuna kitambaa cha madhabahu, na tangu hapo hakuuacha mlango wazi hata akienda kumwaga taka. Akatia rundo kwenye mkoba. Akaondoka na binti yake.

Wamormoni walikuwa wakikutana kwenye chumba cha kupanga, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi ishirini na nne. Alizihesabu kwa magoti. Hakukuwa na msalaba ukutani. Hakukuwa na joho wala kola. Wanaume walivaa mashati meupe na tai, kama watu waliokuja kuomba kazi benki. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mkubwa wao, alikaa mtu ambaye Mama Funguo alimtambua papo hapo.

"Yule si fundi bomba?" alimnong'oneza binti. "Aliyezibua choo cha kanisa letu?"

"Ndiye. Ndiye rais wa tawi letu."

"Rais! Mbona nilimgombeza kwa kunichafulia sakafu?"

"Anakumbuka. Anasema ulikuwa na haki."

"Na mshahara anapewa?"

"Hapana. Hapa hakuna anayelipwa."

Lo! Hilo lilimwingia. Alidhani asiyelipwa ni yeye peke yake duniani.

Walipitisha mkate na maji. Maji, si divai. Hakula; aliinamisha kichwa trei ikapita. Kisha akangoja mahubiri, ayapime. Mahubiri hayakuja. Ilikuwa Jumapili yao ya kufunga na kuomba, na siku hiyo hakuna anayehubiri. Kila anayetaka husimama akasema anachoamini. Akasimama muuza nyanya. Akasimama mzee mmoja aliyelia katikati ya sentensi akakaa bila kuimaliza. Akasimama dada mmoja akasema anajua kanisa lao ndilo la kweli. Alisema "najua", hakusema "naamini", na Mama Funguo akakunja uso: hapo, alijiambia, hapo pana ukali kidogo. Akalitunza neno hilo kwa ajili ya wazee.

Baada ya huyo hakusikia tena. Feni ilikuwa ikizunguka taratibu. Kiti kilikuwa na mto. Tangu alipopokea funguo, hakuwahi kukaa katika nyumba ya ibada ambayo si yeye wa kuifagia baadaye. Macho yakafumba yenyewe.

Alipoamka chumba kilikuwa kitupu. Chini ya miguu yake mtu alikuwa ameweka kiti cha pili, na juu ya kiti koti la suti lililokunjwa ili visigino visiumie. Sauti za watu wakijifunza zilitoka chumba cha pili. Binti alikuwa pembeni, anamtazama.

"Saa ngapi?"

"Saa tano na robo. Ulikuwa umechoka, Mama. Hukulala siku mbili. Rais mwenyewe ndiye aliyeweka koti, akawaambia watu watoke wakinyata."

"Saa tano!" Mkono wake ukaenda kwenye mkoba. Rundo likalia.

Binti akalisikia. "Si ulishafungua? Nilidhani umeacha wazi. Ulitoka kule kufagia..."

"Nilifunga," alisema Mama Funguo. "Nilifunga, mwanangu."

Funguo zile hazikuwa na pacha. Hakuna aliyewahi kuona haja.

Alipofika, watu walikuwa nje juani, kina mama wamefunika vichwa kwa vitabu vya nyimbo. Mchungaji alikuwa amehubiri akisimama kwenye ngazi, jasho limemlowesha mgongo. Wengine walikuwa wamekalia yale matofali ya akiba ya baba yake, yaliyopangwa kando ya ukuta. Njia ilimfungukia pande mbili. Alipita katikati, na kila hatua viatu vilimng'ata.

"Tulipeleka mtu nyumbani kwako," Mzee Kifungu alisema kwa sauti ya darasani. "Jirani akasema umekwenda kwa Wamormoni. Kanisa la Mungu limefungwa, na funguo zake zinaabudu kwingine!"

"Zilikuwa zimelala, mzee," alijibu. "Hazikuabudu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wengi. Mzee Kifungu hakucheka.

Wazee walikutana palepale kwenye chumba cha mchungaji, kwa mlango ambao yeye mwenyewe aliwafungulia. Walikuwa watano na mchungaji wa sita. Hawakumpa kiti, akakivuta mwenyewe.

"Jibu," Mzee Kifungu alisema. "Ni watu wa msimamo mkali, ndio au hapana?"

Mama Funguo alikuwa amechoka mno kupamba maneno. Akawaambia alichokiona, kama mtu anayetoa vitu kikapuni.

"Wana kitabu kingine zaidi ya Biblia. Hilo silikubali, na nikifa sitalikubali. Chai hawanywi. Wanasema wanajua, pale ambapo sisi tunasema tunaamini. Hapo mnaweza kuwaita wakali. Lakini hawana wake wengi, anayeoa wa pili wanamtoa. Hawana mchungaji wa kulipwa. Mkubwa wao ni yule fundi bomba wetu. Muuza nyanya anasimama anasema, wakubwa wanamsikiliza. Hapo siwezi kuwaita wakali. Nililala kwao. Hawakuniuliza dhehebu langu, waliniwekea kiti chini ya miguu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Mengine sijui."

"Hilo si jibu," alisema Mzee Kifungu. "Ni mboga za kuchanganya."

Mchungaji akakohoa. "Wazee wangu, tuseme kweli. Neno hili la Wakristo wa msimamo mkali, lile Waingereza wanaloita 'fundamentalist', tangu mwanzo lilihusu watu walioshikilia Biblia peke yake, neno kwa neno, wakakataa kuongezewa kitu. Wamormoni wameongeza. Hao walioshikilia ndio wa kwanza kusema Wamormoni si Wakristo kabisa. Kwa kipimo hicho, hawamo. Kama tunapima kwa kushika sana masharti yao, au kwa kuamini kwamba kanisa la kweli ni lao tu, basi hapo watu wanabishana mpaka leo."

"Kwa kipimo hicho cha kwanza," aliuliza mzee mmoja aliyekuwa akisinzia, "wanaoshikilia Biblia peke yake si sisi?"

Mchungaji akatazama karatasi zake.

Mzee Kifungu aliipiga meza kidogo. "Tusipotezwe. Mama, mimi nimekujua tangu tukiwa watoto. Nakuambia kwa mapenzi: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mwambie binti atafute chumba. Mwezi mmoja tunakupa. Funguo ubaki nazo hadi kufa kwako."

Alikuwa amemaanisha, na hilo ndilo lililouma. Mama Funguo aliliangalia rundo mapajani. Alimwona Bibi Kengele kitandani, kiganja chake kikavu kama karatasi. Aliiona njia ya nyumbani bila rundo kiunoni, na watu wakimwamkia kama bibi yeyote. Kisha akaliona karai la maji ya chumvi.

"Nami nakujibu kwa mapenzi, mzee," alisema. "Mtoto akinyea kiganja, hakikatwi. Na huyu wangu hata hajanyea. Ameacha chai tu."

Akasimama. Wazee wakadhani ataziweka funguo mezani, wakajisogeza nyuma. Hakuziweka. Alizunguka meza mpaka kwa Mzee Kifungu.

"Toa mkono."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeziomba. Haziwekwi mezani, unajua. Toa mkono."

Mzee Kifungu akatazama wenzake. Mmoja alikuwa akifunga kamba ya kiatu, mwingine amekumbuka kuifuta miwani. Akatoa mkono. Mama Funguo akalaza rundo kiganjani mwake, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Mzee naye alikuwa na goti bovu; alikuwa nalo tangu shule.

"Twende nikuonyeshe."

Wakatoka wawili, polepole, hakuna aliyeweza kumkimbia mwenzake. Kanisa lilikuwa tupu sasa. Kule langoni binti alikuwa amesimama, mikono amefumbata, hakuthubutu kuingia.

"Huu wa geti. Huu wa kabati la vikombe, usiukaze, utavunjika. Huu wa stoo. Ndani kuna ndoo ya kukinga mvua, weka safu ya sita upande wa kushoto, paa linavuja pale. Huu mfupi haufungui kitu chochote. Ni wa mlango wa zamani ulioungua. Usiutupe."

"Kwa nini nisiutupe?"

"Mimi niliupokea."

Mzee akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. "Na kuamka ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja! Kila siku?"

"Siku za ibada. Siku nyingine saa kumi na mbili. Wapo wanaokuja mapema kukaa peke yao. Yuko mmoja huwa analia. Ukimkuta mtu ngazini, fungua kwanza. Usimuulize ametoka wapi, wala kifungu usimtajie. Utamuuliza baadaye, ukikumbuka."

Mama Funguo akamwacha mlangoni akashuka ngazi, mkono kiunoni mahali palipokuwa pepesi ghafla. Alipofika nusu ya uwanja akasikia chuma kikikwaruzana nyuma yake, mara mbili, mara tatu.

"Mama Funguo! Mlango haufungi!"

Alisimama. Alitamani sana kuendelea kwenda. Akageuka, akapanda tena zile ngazi, akamshika mzee mkono ulioshika ufunguo, akaliweka bega la mzee kwenye ubao, pale palipochakaa kwa bega lake na la Bibi Kengele.

"Umeshuka kidogo, ni mzito," alimwambia. "Usiulazimishe. Uinue kwanza kwa bega, ndipo uzungushe. Haya, jaribu. Inua."